Kumpima mama masikio ni kupoteza nauli?

Minada ya korosho ikishika kasi na fedha zikaanza kuingia kwenye akaunti, familia nyingi za Mtwara na Lindi hugeukia maradhi yaliyosubiri mwaka mzima: jino, miwani, ngiri ya baba. Masikio huja mwisho, na mara nyingi hayafikiwi. Mtoto aliyeko Dar es Salaam anapiga simu, anasema mama apelekwe kliniki akapimwe usikivu, kipimo kamili. Mjomba, ambaye kwa wengi wetu huku neno lake bado lina uzito, anauliza: apimwe ili iweje? Umri umekwenda. Kifaa cha kuvaa sikioni hatuna hela ya kukinunua, na tukikinunua betri tutazitoa wapi? Nauli hiyo si bora ilipe vibarua wa palizi?

Swali la mjomba si la kijinga, na wapo wakubwa wanaoelekea kumuunga mkono. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu usikivu, na humo mlikuwa na takwimu moja: kati ya watu wote duniani ambao kifaa cha kusikia kingewafaa, wanaokitumia ni asilimia 17 hivi. Mwaka huohuo jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza, wala kukataza, kuwapima usikivu watu wa miaka 50 na zaidi wasio na malalamiko. Oktoba 2022 nchi hiyohiyo ikaruhusu vifaa vya kusikia kuuzwa dukani kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani, bila cheti cha mtu yeyote. Kama Mmarekani anaweza kununua kifaa bila kupimwa, mkulima wa Liwale asafiri kufuata nini?

Upande huo una mpango mbadala pia, na ni mzuri. Muuguzi wa kituo cha afya apewe taa ya kuangalizia sikio, afundishwe kusafisha nta, awe na simu yenye programu ya kupimia na visikilizio. Watu wengi watafikiwa kwa gharama ndogo. Chumba kisichopitisha sauti, chenye mashine zinazohitaji kusahihishwa kila mwaka na mtaalamu wa kukaa nazo, hakiwezi kujengwa kila wilaya. Hilo halina ubishi.

Ila hoja zote hizi zimesimama juu ya dhana moja, kwamba kipimo kamili ni mlango wa duka la vifaa: ukijua hutanunua, huna sababu ya kuingia. Hapo ndipo ninapoona kipimo hiki kimeeleweka vibaya.

Tuangalie kinachofanyika. Kwanza mtu anaulizwa historia yake: dawa alizotumia, kazi alizofanya, sikio linalovuma, sikio linalotoa usaha. Kisha sikio linaangaliwa kwa taa, na ngoma yake inapimwa kwa msukumo mdogo wa hewa kuona kama inacheza. Ndipo anaingia chumbani, anavaa visikilizio, anabonyeza kitufe kila anaposikia mlio hata kama ni hafifu, kuanzia mzito wa hezi 250 hadi mwembamba wa hezi 8,000, sikio moja baada ya jingine. Baada ya hapo visikilizio vinavuliwa, na kidude kidogo kinachotetema kinabanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Milio inarudiwa. Mwisho anarudia maneno anayosomewa.

Kidude hicho cha mfupani ndicho kinachonifanya niandike. Sauti ikipita kwenye mfupa inaruka tundu la sikio, ngoma na vifupa vilivyo nyuma yake, inakwenda moja kwa moja sikio la ndani. Kwa hiyo mama akisikia vizuri kwa mfupa lakini vibaya kwa visikilizio, sikio lake la ndani ni zima na kizuizi kiko njiani: nta iliyoganda, ngoma iliyotoboka, maji nyuma ya ngoma, kifupa kilichokakamaa. Mengi kati ya hayo yana tiba, na mengine hayahitaji kifaa kabisa. Akisikia vibaya kwa njia zote mbili sawasawa, tatizo liko ndani, na hapo hakuna tone la dawa wala mafuta ya nazi ya moto yatakayosaidia. Programu ya simu yenye visikilizio vya kawaida hupima njia ya hewa tu, yaani sauti inayopitia tundu la sikio. Itakwambia mama hasikii. Hilo mlilijua tangu alipoanza kuitikia salamu isiyo yake.

Mtu makini atanijibu kwamba uma wa chuma, ule unaogongwa na kuwekwa nyuma ya sikio, hutofautisha mambo hayo mawili kwa bei ya chee. Kweli, na ningependa kila kituo kiwe nao. Lakini uma huonyesha tofauti ikiwa kubwa tu, wala hausemi usikivu umepungua kwa desibeli ngapi, yaani kiasi gani cha ukubwa wa sauti, na kwa sauti ipi, nzito au nyembamba.

Turudi kwenye ile asilimia 17, maana inatumika kinyume. Takwimu hiyo inahesabu vifaa. Haihesabu waliosafishwa nta wakarudi nyumbani wanasikia, wala waliotibiwa usaha. Haimhesabu kijana aliyeamka sikio moja limezima ghafla, ambaye dawa za steroidi humfaa zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ambaye kwa kawaida huambiwa ni maji yameingia alipokuwa akioga. Haimhesabu pia aliyepimwa, akakosa hela ya kifaa, lakini watu wa nyumbani wakaelewa kwa mara ya kwanza nini hasa asichokisikia. Anayesema asilimia 83 hawapati kifaa kwa hiyo kipimo ni bure, amechukua kilio cha uhaba wa vifaa akakigeuza kuwa sababu ya kutopima.

Hilo la nini hasa mtu asichokisikia lina mfano mzuri huku kwetu. Upungufu wa uzeeni huanza na sauti nyembamba. Irabu, ambazo ni nzito, hubaki. S na t hupotea mapema. Sasa mweke mzee huyo kwenye mkutano wa mnada, bei za wanunuzi zikisomwa kwa kipaza sauti kibovu na wakulima wakitakiwa kukubali au kukataa. Elfu tatu mia sita. Elfu tatu mia tisa. Kwake yeye zote ni “i-a”. Atasema anasikia, na ni kweli anasikia, ila anasubiri jirani anyooshe mkono ndipo naye anyooshe. Kumpigia kelele hakumsaidii, kwa sababu kelele hukuza irabu alizokuwa nazo tayari. Kinachomsaidia ni kumtazama usoni, kutamka taratibu, na kumwonyesha namba kwenye karatasi. Mchoro wa kipimo unaonyesha hayo kwa mstari unaoporomoka kuelekea kulia, na mtaalamu anaweza kumweleza mjukuu kwa dakika tano bila kuuza chochote.

Ushahidi wa Marekani nao usomwe wote. Lile jopo la 2021 lilizungumzia wasio na malalamiko. Mama anayeongeza redio hadi jirani anasikia taarifa ya habari hayumo. Na vifaa vya dukani vya 2022 vinatakiwa kuwa na onyo: kama sikio linatoa usaha, limezima ghafla, au moja ni baya kuliko jingine, mwone daktari kwanza. Kwetu, ambako sikio la usaha wa utotoni huachwa hadi utu uzima, na ambako wapo waliotumia kwinini mara nyingi, waliodungwa sindano za zamani za kifua kikuu, waliokaa karibu na baruti za kuvulia samaki au mashine bila kuziba masikio, onyo hilo linagusa wengi. Mvuvi wa baruti hatamwambia muuguzi wa kijijini kwao alivyopata tundu kwenye ngoma. Kipimo kitalionyesha tundu bila kumuuliza.

Hoja ya kupoteza kumbukumbu siitegemei, ingawa ndiyo inayosambaa sana. Utafiti wa 2023 wa Marekani, uliohusisha wazee 977 kwa miaka mitatu, haukuona kifaa kikipunguza kasi ya kudorora kwa akili kwa washiriki wote kwa jumla. Uliona nafuu kubwa, asilimia 48, kwa kundi moja tu lililokuwa kwenye hatari zaidi. Tusimtishe mama kwa hilo ili apande basi.

Kwa hiyo mjomba yuko sahihi kwa nusu. Safari isianze kabla kituo cha karibu hakijaangalia nta. Lakini masikio yakiwa safi na mama bado hasikii, kipimo kamili kinastahili nauli hata kama fedha ya kifaa haipo.

Sehemu moja ya kipimo hicho nina shaka nayo. Bibi wa Newala aliyeishi maisha yake yote kwa Kimakonde, akisomewa orodha ya maneno ya Kiswahili na mgeni kupitia visikilizio, anaweza kushindwa kurudia neno kwa sababu hakuwahi kulitumia. Cheti kikiandika alama yake ya maneno kana kwamba ni ya sikio, kinampa ugonjwa asio nao. Milio haina shida hiyo. Kwa wagonjwa kama yeye, naona ni bora sehemu ya maneno iachwe na cheti kiseme wazi kwamba haikufanyika.