Dawa ya Jioni na Safari ya Chooni

Kwa miaka kadhaa sasa ninafanya kazi ya uhudumu katika wodi ya wazee kaskazini mwa Uingereza, na kila nikisikia kwamba mgonjwa fulani nyumbani Tanzania ameanguka hospitalini, ninamkumbuka mama yangu mkubwa. Alilazwa kwa sababu ya kuvimba miguu, akaandikiwa dawa ya kupunguza maji mwilini, akawa anapewa jioni. Usiku haja ndogo ikamwamsha, akashuka kitandani gizani na kandambili zake, akavunjika nyonga kabla hajaufikia mlango wa choo. Lawama zote zikamwelekea muuguzi wa zamu, aliyekuwa peke yake na wodi nzima.

Sikubaliani na lawama ile hadi leo. Daktari aliandika dawa bila kutaja saa ya kuinywa. Mfamasia aliitoa dirishani bila kumwona mgonjwa. Na binamu yangu, ambaye ndiye pekee aliyejua kwamba mama mkubwa haoni vizuri usiku, alikuwa ametolewa nje muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Huku, mgonjwa wa miaka 65 au zaidi akilazwa huhesabiwa tangu mwanzo kuwa yumo hatarini kuanguka. Hupimwa presha baada ya kulala angalau dakika 5, kisha akisimama, ndani ya dakika ya kwanza na tena ifikapo dakika ya 3. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, maana hapo anaweza kushikwa na kizunguzungu akaanguka, daktari na mfamasia huzipitia dawa zake, na mara nyingi ile ya kupunguza maji huhamishiwa asubuhi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humtazama anavyotembea na kuhakikisha fremu yake ya kutembelea iko karibu na mkono. Hata mama anayepiga deki (ninaandika "hata" kwa aibu, maana yeye huona mengi kuliko sisi) husikilizwa akisema kwamba bibi wa kitanda cha nne huinuka bila kubonyeza kengele.

Sisemi kwamba huku hawaanguki. Wanaanguka, na hofu ya kuanguka huwafanya baadhi yetu tuwazuie wazee vitandani hadi miguu yao inaisha nguvu. Isitoshe, wengi hukaa siku nyingi bila mgeni, kwa hiyo hatuna wa kumuuliza kama mzee amezoea kuamka saa kumi alfajiri.

Nyumbani mtu huyo yupo, ameketi kwenye mkeka nje ya wodi na chupa yake ya chai. Ningeanza na yeye: kabla geti halijafungwa, muuguzi wa zamu ya jioni amuulize ndugu huyo, mgonjwa huamka mara ngapi usiku, anaonaje gizani na hutembelea nini, kisha majibu yaandikwe kwenye faili lilelile ambalo daktari atalifungua asubuhi na mfamasia ataliona kabla ya kutoa dawa.