Mwache muongo aongee kwanza: hesabu ya kugawanya kwa sifuri

Juzi mpwa wangu wa kidato cha pili kaniuliza, "Anko, kwa nini haturuhusiwi kugawanya kwa sifuri?" Shuleni kaambiwa haiwezekani, basi, kikokotoo nacho kinaleta eraa tu. Nikamwambia haya, tukubali inawezekana. 1 gawanya kwa 0 jibu lipo, tuliite k. Sasa si unajua 12 gawanya kwa 3 ni 4 kwa sababu 4 mara 3 inarudi 12, kwa hiyo k mara 0 lazima irudi 1. Akaandika nyuma ya daftari, akaganda kidogo. "Lakini anko, chochote mara sifuri si sifuri?" Eeh. Kwa hiyo 1 = 0. Akacheka, akaikata.

Ndo hivyo tu uthibitisho kwa ukinzani: unalikubali dai kwanza, unalifuata mpaka lijipinge lenyewe. Mtu anakwambia jana alikuwa Moshi, humbishii, unamuuliza ulipanda basi la saa ngapi, ulikaa na nani, mwisho anajikanyaga mwenyewe. Njia ya mwongo fupi.

Mimi naona tunakosea kumwanzishia mtoto njia hii na uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Ni tamu sana ile, sikatai: chukulia ni sehemu a/b iliyorahisishwa mpaka mwisho, unapata a² = 2b², a inakuwa shufwa (inagawanyika kwa 2), ukiweka a = 2m na b nayo inatoka shufwa, wakati tulishakubaliana hazina kigawo cha pamoja. Ila hapo katikati kuna "a² ni shufwa basi a ni shufwa", na mtoto anapotelea hapohapo kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba witiri mara witiri haiwezi kuzaa shufwa.

Halafu kuna wale wakishaijua wanaitia kila mahali kama chumvi. Swali linasema onyesha shufwa mbili zikijumlishwa zinatoa shufwa, mtu anaanza "tuchukulie jumla ni witiri", anaandika 2m + 2n = 2(m + n), "hii ni shufwa, inapingana!" Funika mstari wa kwanza na wa mwisho kwa kiganja uone, jibu limebaki zima. Huyo muongo umemwita wa nini sasa, hata hujamhoji.

Jioni dogo karudi. "Anko, 0 gawanya kwa 0 mbona haigomi? k mara 0 ni 0, iko sawa." Nikamuuliza k ni ngapi. "5." Na 7 je? "Hata 7 inakubali." Akashika kalamu, akaandika 5 = 7, akaikata mwenyewe kabla sijasema kitu.