Sura za wafanyakazi kwenye matangazo ya ajira

Kampuni nyingi zinazotafuta watu wapya zimeanza kuachana na picha za kununua mtandaoni, zile za watu wenye suti wanaopeana mikono ndani ya chumba cheupe. Siku hizi wanatolewa nje wafanyakazi wenyewe, fundi, mhasibu, dereva, wanapigwa picha juani, kisha sura zao zinatumika kuwavutia waombaji. Naunga mkono jambo hili, ila kwa sharti ambalo waajiri wengi hulipita harakaharaka.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Mwaka 1996 wataalamu wa masoko Tim Ambler na Simon Barrow waliandika kuhusu chapa ya mwajiri, yaani kampuni ina jina la kulinda mbele ya wafanyakazi wake na wanaotaka kujiunga nayo, si mbele ya wateja peke yao. Jina hilo halijengwi kwa sura za kukodi. Picha ileile ya kununua yaweza kutumiwa na benki, hospitali na kampuni ya bima kwa wakati mmoja, na mwombaji akishaiona mahali pengine hana sababu ya kuiamini tena.

Kupiga nje nako kunasaidia, mradi mpiga picha aijue kazi yake. Msimamishe mtu kwenye jua la saa sita: macho yanazama kivulini, paji la uso linang'aa, na anakunja uso kama aliyeudhiwa. Msogeze hatua chache hadi kwenye kivuli cha ukuta, aelekee upande wenye mwanga, na macho yanafunguka, huku nukta ndogo ya mwanga ikionekana ndani ya mboni. Kuna jambo jingine linalosahaulika. Kamera ikiachiwa kujipimia mwanga hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani, hivyo mtu mweusi aliyesimama mbele ya anga jeupe hutoka giza asipopimiwa mwanga wa usoni. Picha ya kundi ambayo baadhi ya sura zinaonekana vizuri na nyingine hazisomeki humweleza mwombaji habari za kampuni hiyo, hata kama hakuna aliyekusudia.

Wanaopinga wanasema mandhari ya nje yanadanganya. Mti, nyasi na tabasamu havimwambii mtu kwamba kazi yenyewe ni ya zamu ya usiku ghalani. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Dawa yake ni kupiga nje ya mlango wa karakana au kando ya gari analoendesha mhusika, akiwa na nguo zake za kazi. Bustani ya kuazima haina msaada hapo.

Kinachonigusa zaidi ni ridhaa. Bosi akikuuliza mbele ya wenzako kama hutajali kupigwa picha, wangapi watathubutu kukataa? Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka ridhaa itolewe kwa hiari na iweze kuondolewa wakati wowote, kwa urahisi uleule iliyotolewa nao. Wasimamizi wa sheria hiyo wameonya kwamba kati ya mwajiri na mwajiriwa hiari ya kweli ni ngumu kupatikana, kwa sababu mmoja ana nguvu juu ya mwingine. Kipengele cha mstari mmoja kilichofichwa kwenye mkataba wa ajira, eti picha zako zitatumika kwa shughuli zote za kampuni, hakiwezi kuitwa ridhaa.

Halafu watu huondoka kazini. Aliyefukuzwa mwezi uliopita bado anatabasamu kwenye tangazo linalosema hapa ni pazuri. Hilo linamuumiza yeye, na wenzake waliobaki wanaliona kila siku. Kampuni italalamika kwamba kurudia picha ni gharama, na ni kweli, lakini gharama hiyo ilikuwa ya kuhesabiwa tangu mwanzo.

Basi fomu iwe ya peke yake, itaje picha zitatumika wapi na hadi lini, na anayeipokea asiwe msimamizi wa moja kwa moja wa mhusika. Anayekataa asiulizwe sababu. Picha zitakazowekwa mtandaoni zaweza kutangulia kwa kuwa kampuni ni rahisi kuziondoa kwenye kurasa zake. Mabango ya barabarani yasubiri hadi kila mmoja aione picha yake iliyokamilika na kuikubali.