Mvuke wa Olkaria na tangi la bodaboda

Mjadala wa bodaboda za umeme hapa Kenya haumalizi dakika mbili kabla mtu hajauliza: stima yenyewe iko wapi? Swali lina haki yake. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, na mwaka huo haukwisha kabla giza halijarudi. Mapema 2025 mahitaji ya juu kabisa yalipita megawati 2,300, na tunajazilizia kwa umeme wa maji kutoka Ethiopia. Serikali yenyewe imekiri kwamba kuna sehemu zinakatiwa jioni kwa kuwa umeme hautoshi. Mtu aliyeona hayo yote, ukimwambia na pikipiki nazo zichajiwe, lazima acheke.

Ila anayecheka anaangalia saa chache tu za siku. Upungufu wetu ni wa jioni: watu wamerudi nyumbani, pasi imewashwa, televisheni imewashwa, kinyozi bado ana wateja. Ikishapita saa nne usiku mahitaji huporomoka. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini unaozungusha mitambo ya umeme hauna habari kwamba tumelala. Kisima cha jotoardhi si bomba la jikoni. Ukikifunga na kukifungua kila siku unakiharibu. Basi mitambo hupunguziwa kazi na mvuke unaobaki huachiliwa hewani. Tulikopa, tukachimba zaidi ya kilomita mbili kwenda chini, na usiku tunauacha ule mvuke uende zake. Kukicha, meli inashusha Mombasa petroli iliyokopwa Ghuba chini ya ule mpango wa serikali kwa serikali wa 2023, ili bodaboda imfikishe mtu kazini.

Msomaji anivumilie kidogo kwa hesabu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Pikipiki ya umeme hula takriban yuniti 4 kwa kilomita 100. Anayezunguka kilomita 120 kwa siku anahitaji yuniti 5 hivi. Chukua pikipiki 100,000: ni yuniti 500,000. Zichaji kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, unapata mzigo wa megawati 83. Ongeza unaopotea njiani, sema 95. Olkaria V peke yake, iliyokamilika 2019, ina uwezo wa megawati 172. Pikipiki laki moja, basi, zinakula nusu na ushee ya kituo kimoja, tena saa ambazo kituo hicho kinatafuta mteja. Hesabu hiyo hiyo ipeleke saa moja hadi saa tatu usiku, mzigo unaruka hadi megawati 250, na hapo yule aliyecheka ana haki ya kucheka.

Kwa hiyo kinachonihusu ni saa ya kuchaji. Na hapa bodaboda imebahatika kuliko gari, kwa sababu betri yake hutoka. Mwendeshaji anafika kwenye kituo cha kubadilisha betri, anafungua kiti, anavuta betri nzito kama mtungi wa gesi, anachukua nyingine, anaondoka kabla abiria hajamaliza kujibu simu. Ile iliyobaki inaweza kungoja hadi usiku wa manane ndipo ichajiwe.

Wanaopinga wana hoja nyingine ambazo sizidharau. Kila lita ya petroli inalipa Sh25 za kutengeneza barabara. Mwenye kuchoma lita 3 kwa siku anachangia Sh75. Wa umeme anapita lami ile ile bila kutoa kitu. Pikipiki laki moja zikifanya kazi siku 300, ni Sh2.25 bilioni zinazokosekana kwa mwaka. Siku moja itabidi zidaiwe mahali pengine. Halafu kuna umbali: mtu wa Kitui au Busia hawezi kutegemea vituo vilivyorundikana mijini.

Lakini lalamiko zito nililisikia steji, pale Kangemi. Kijana mmoja alinionyesha simu yake: alichelewa malipo ya siku mbili, na kampuni iliyomkopesha ikaizima pikipiki kwa mbali, abiria akiwa bado amekaa nyuma. "Hii ya mafuta," akasema akigonga tangi la mwenzake, "hata ukidaiwa itakufikisha nyumbani." Betri si yake, na ya kampuni nyingine haiingii. Waliotoka kwa tajiri mwenye pikipiki, wa kudai hesabu kila jioni, wamepata tajiri mwingine asiyeonekana. Sina jibu la kumtuliza, ila nikikumbuka Oktoba 2023, lita ilipofika Sh217 kwa tangazo la usiku mmoja, sioni kwamba tangi lilimpa uhuru mwingi hivyo.

Turudi kwenye saa. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia bei za umeme na mafuta, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: Sh16 kwa yuniti mchana na jioni, Sh8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Hiyo ndiyo sera bora zaidi tuliyopata katika suala hili, na karibu hakuna anayeizungumzia. Shida ni kwamba nafuu yake inaishia kwenye mita ya mwenye kituo. Kituoni nilipokaa jioni moja, bei ya kubadilisha ilikuwa moja tu, uje saa moja usiku au alfajiri, na saa kumi na mbili na nusu foleni ilikuwa imefika barabarani. Betri zilizojaa zilikwisha. Wa mwisho walipewa za asilimia 60, na zilizorudishwa zikachomekwa papo hapo, saa ile ile ambayo mitaa ya jirani hukatiwa. Nikamuuliza mhudumu wa kaunta kwa nini wasipunguze bei kwa anayekuja alfajiri. Akaniambia hajawahi kuulizwa.