Povidoni si unga wa kujazia tu

Muulize mtu kidonge cha parasetamoli kina nini ndani, atakwambia parasetamoli. Na kilichobaki? "Unga tu wa kujazia." Jibu hilo nimelisikia hata kwa wauza dawa, watu wa fani yangu, na kila mara hunikera. Parasetamoli ni fuwele zisizopenda kushikana hata uzigandamize vipi. Kinachozishikanisha, katika vidonge vingi, ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, iitwayo povidoni.

Chimbuko lake ni Ujerumani, kwenye kazi za mwanakemia Walter Reppe juu ya gesi ya asetilini, na hataza yake ni ya mwaka 1939. Ni mnyororo mrefu wa kaboni ulioning'iniza pete ndogondogo, kila pete ina atomi ya oksijeni iliyochomoza nje. Oksijeni hiyo huvuta maji. Kaboni zilizobaki nazo zinaelewana na pombe. Kwa hiyo povidoni huyeyuka kwenye vyote viwili, na hapo ndipo kiwanda kinapopata nafasi: dawa ikiwa inaharibiwa na maji, gundi hutengenezwa kwa pombe. Ajabu ni kwamba minyororo hiyohiyo ikifungwa pamoja kwa viungo vya pembeni, haiyeyuki tena. Inafyonza maji, inavimba, na kukipasua kidonge tumboni. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anafunga, mwingine anafungua, na mara nyingine wote wamo kwenye kidonge kimoja.

Wenye kusema "unga tu" hudhani pia kwamba kitu kisicho dawa hakina madhara popote kiwekwapo. Vita vya Pili vya Dunia vilitufundisha vingine. Madaktari wa Ujerumani waliwatilia majeruhi povidoni kwenye mishipa badala ya plazma ya damu, na ilisaidia kupandisha shinikizo la damu. Baadaye ikaonekana kwamba minyororo mifupi hutoka kwa figo, ila mirefu hukwama mwilini, kwenye ini, bandama na tezi. Matumizi hayo yakaachwa. Ukiimeza haina shida hiyo, kwa sababu utumbo hauifyonzi. Inapita na kutoka.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ni ile dawa ya kahawia ya vidonda. Tunaisifu iodini peke yake, wakati iodini ya zamani iliyoyeyushwa kwenye pombe ilikuwa inachoma hadi mtoto anakimbia nyumba. Miaka ya 1950, huko Marekani, ndipo iodini ilipofungwa kwenye povidoni, ikawa inaachiwa kidogokidogo. Chupa ya asilimia 10 ina iodini ya kutumika kama asilimia 1 tu, na sehemu kubwa ya hiyo imeshikwa na polima; iliyo huru, inayoua vijidudu, ni chembe kidogo mno. Ukiizimua dawa hiyo, iodini huru inaongezeka badala ya kupungua, na hufikia kilele dawa ikizimuliwa hadi karibu asilimia 0.1. Maji yameilegeza polima. Lakini usikimbilie jikoni kuizimua: akiba ya iodini nayo inakuwa ndogo, na damu na usaha huimaliza upesi. Ipake kama ilivyo, uiache ikauke. Wanaoipaka na kuifuta papo hapo wanapaka rangi tu.

Uzuri wa kupenda maji una gharama zake. Povidoni hunyonya unyevu hewani, na sisi wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, tunaishi ndani ya unyevu. Halafu tunatoa vidonge kwenye kopo la elfu moja, tunavihesabu na kuvitia kwenye bahasha ya karatasi. Mgonjwa akirudi na vidonge vilivyolainika anasema ameuziwa dawa bandia. Mimi simlaumu. Vidonge vinavyoharibika kwa unyevu vikae kwenye pakiti zake hadi siku ya kumezwa, na ikiwa hilo linaongeza bei kidogo, basi iongezeke.

Pia wapo watu, ni wachache sana, ambao miili yao huikataa povidoni yenyewe, wengine kwa mshtuko mkali wa mzio. Mtu wa namna hiyo akipakwa dawa ya kidonda akavimba, kwenye faili huandikwa "mzio wa iodini", na mambo yanaishia hapo. Mwaka unaofuata anapewa kidonge cha maumivu kisicho na iodini hata chembe, anavimba tena, na hakuna anayejua aanzie wapi kutafuta, kwa sababu kwenye ile bahasha kumeandikwa jina la dawa na "1x3" peke yake.