Daktari wa meno akikunyima amoksi, usinune

Hapa Kigoma mtu akitoka kwa daktari wa meno bila kuandikiwa dawa anajiona kaonewa. Pale Mwanga utasikia, "Kaning'oa tu, hata amoksi hakunipa!" Mimi namtetea daktari huyo. Wa kuhojiwa ni yule anayeandika amoksi na flajili, yaani antibiotiki, dawa za kuua bakteria, kwa kila anayeingia kashika shavu.

Maumivu yale ya kukesha, ya maji baridi kukupiga hadi kisogoni, mara nyingi yanatoka kwenye kiini cha jino kilichovimba. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia, ndiyo maana kinatesa vile. Kikishakufa, damu haipiti tena mle ndani, na dawa unayomeza husafirishwa na damu. Kwa hiyo amoksi itazunguka mwili mzima, pengine ikuharishe, na kwenye shina la ugonjwa isifike. Kinachotibu hapo ni mkono wa daktari: atoboe jino asafishe mzizi, alizibe, au aling'oe, kama kuna jipu alipasue usaha utoke. Maumivu unayatuliza kwa parasetamo na ibuprofeni, kama tumbo lako halina vidonda.

Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 uliosema karibu hivyohivyo: mtu mzima mwenye kinga nzuri, jino linamuuma au lina jipu ambalo halijasambaa, ahudumiwe jino lenyewe, antibiotiki ziwekwe kando. Ila mwongozo huo umeweka sharti ambalo sisi huku linatugusa sana. Unazungumzia mahali ambapo mgonjwa anahudumiwa siku hiyohiyo. Huduma isipopatikana, na jipu lipo, unaruhusu aandikiwe amoksi wakati anasubiri.

Hapo ndipo penye shida yetu. Mtu katoka Buhingu kwa boti, kalala kwa ndugu Ujiji, anafika asubuhi anaambiwa, "Mama, nenda kameze dawa siku tano, uvimbe ushuke, kisha uje tung'oe." Sababu anayopewa ni kwamba ganzi haitashika. Kuna ukweli ndani yake: penye usaha ganzi hufanya kazi vibaya. Lakini jino la chini linaweza kupigwa ganzi mbali na uvimbe, kule nyuma ya taya mshipa wa fahamu unakopita, na jipu linaweza kupasuliwa siku hiyo. Nina wasiwasi kwamba mara nyingi zile siku tano zinatibu foleni. Na mgonjwa wetu tunamjua: akimeza mara tatu nne uvimbe unapungua, anarudi kwenye dagaa wake, nauli ya kurudi mjini inakuwa ada ya mtoto. Jino limebaki palepale na uchafu wake, litamwamsha tena.

Safari hiyo ya pili wala hafiki kwa daktari. Nilikuwa duka la dawa juzi akaja mama muuza migebuka, kanga kaifunga kuzunguka taya. "Mwanangu, nipe za jino, za elfu moja." Kijana hakuuliza kitu. Alichukua karatasi ya vidonge vya rangi mbili, akakata sita kwa mkasi, akavitia kwenye kibahasha cha kaki na kuandika 1×3. Hesabu mwenyewe: hizo ni siku mbili. Amoksi hiyohiyo ndiyo anayopewa mtoto mwenye nimonia zahanati. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa vimelea kwa dawa, yaani vimelea kuizoea dawa hadi isiviue, uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na vibahasha kama kile vina mchango wake.

Sisemi antibiotiki hazina nafasi kwenye meno. Zinayo, na daktari akiziandika kwa sababu ya haki usibishane naye. Ukiwa na homa, mwili umelegea, uvimbe unasambaa usoni au unashuka shingoni, maana yake ugonjwa umetoka kwenye jino na umeingia mwilini. Hapo dawa na mkono vinakwenda pamoja. Mwenye kisukari kilichopanda au kinga iliyoshuka anaangaliwa kwa jicho la pekee. Yuko pia mwenye vali ya moyo ya bandia, anayemeza gramu mbili za amoksi kwa mkupuo, nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'olewa, kuukinga moyo. Hao ni wachache. Wengi wetu tukishika shavu hatumo.

Ninachotaka kwa daktari ni sentensi moja kabla hajashika kalamu: "Nakuandikia kwa sababu hii," au "Sikuandikii kwa sababu hii." Mgonjwa aliyeambiwa hivyo hapitii duka la dawa akitoka. Na vijana wetu wa maduka ya dawa, ambao kwa kweli ndio wanaoona meno mabovu mengi kuliko daktari yeyote mkoani, wafundishwe dalili tatu tu: uvimbe umeshuka chini ya taya, mdomo haufunguki, mate hayamezeki. Mtu wa namna hiyo asiuziwe hata kidonge kimoja. Aitiwe bajaji, apelekwe hospitali usiku huohuo, kwa sababu uvimbe ule unaweza kuziba njia ya hewa kabla hakujakucha.