Randa Isiyotoa Maranda

Mke wangu anafuga kuku wa nyama 200, na hao kuku ndio walionifichua. Mteja wa seremala unaweza kumzungusha ("nipo njiani mama, nimeshafika hapa Mbuyuni", kumbe uko kitandani na soksi miguuni), lakini mtu anayesubiri maranda ya kuwatandikia kuku humzungushi. Jumamosi Mama Neema alikuja karakana na kiroba chake, akainama chini ya benchi, akachota, akaangalia kilichomo kiganjani, akanyamaza. Kisha akauliza kwa ule upole wenye bei yake, "Baba Neema, hii ni nini?"

Hayakuwa maranda. Kilikuwa kitu kati ya unga wa dona na kachumbari. Vumbi, vijiti, na kipande kimoja kirefu chenye ncha ambacho, kusema ukweli wa Mungu, kilikuwa sehemu ya mguu wa meza ya mteja.

"Randa mpya," nikasema.

"Ile ya shilingi 45,000?"

Ile ile.

Nilinunua hapa hapa Moshi mjini. Duka silitaji, mwenye duka tunasali naye. Boksi lake zuri, jamani! Lina picha ya Mzungu anatabasamu huku akipiga randa, shati limenyooshwa, hana hata jasho. Jina limeandikwa kwa mwandiko wa kampuni ile maarufu, ila herufi moja wameihamisha, kama mtu aliyebadili jina ili wenye mikopo wasimpate. Nikamuuliza, "Mangi, hii orijino?" Akanijibu bila kupepesa macho, "Fundi, hii ni orijino kopi." Na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikatoa hela.

Kufika karakana nikaigeuza, nikaweka rula ya chuma tumboni mwake, nikainua usawa wa dirisha. Mwanga ukapita katikati kama mtu ameacha mlango wazi. Yaani kifaa cha kunyooshea mbao, chenyewe kimepinda! Ni sawa na kupelekwa kwa mshauri wa ndoa ukamkuta anarushiana sufuria na mkewe. Gurudumu la kushushia kisu unalizungusha raundi mbili nzima kabla halijagusa chochote; linaitika kama kijana wangu wa kazi akiwa ameshika simu. Kile kibati cha mgongoni mwa kisu kinatakiwa kilale pale hata unywele usipite. Cha kwangu kimeinuka, taka zinajipenyeza humo, mdomo wa randa unaziba. Unasukuma mara tatu, unasimama, unachokonoa na msumari. Unasukuma mara tatu, unachokonoa. Siku ya kwanza nilichokonoa kuliko nilivyoranda.

Kisu chenyewe ndicho kilichonitia uchungu. Ukikinoa kinakubali, kinanyoa hata vinyweleo vya mkono, unajisikia fundi. Kipeleke sasa kwenye mninga. Mara kumi tu, kimekuwa kijiko.

Na wala hapa hakuna jipya la kubuni! Mmarekani mmoja, Leonard Bailey, alishaumiza kichwa akamaliza. Kampuni ya Stanley ikanunua haki za ubunifu wake mwaka 1869, na tangu hapo randa ya chuma ni ile ile. Namba 4 ni fupi, kama inchi 9 na nusu, ya kulainisha. Namba 5 inchi 14, hiyo ni ya kazi zote. Namba 7 inchi 22, ya kunyoosha ukingo wa mbao ndefu. Zaidi ya miaka 150 jibu limeandikwa ubaoni, mwanafunzi anaangalizia, na bado anapata sifuri.

Watu wananiambia, fundi acha ushamba, peleka mbao kwenye mashine. Napeleka! Nalipa, nasubiri foleni, umeme unakatika ubao wangu ukiwa nusu ndani nusu nje, narudi kesho. Ukitoka unaonekana laini, lakini pitisha kiganja usikie mawimbi. Piga vanishi juu yake, wimbi moja moja litajitokeza kukusalimia. Halafu kuna milango. Masika yakiingia, milango ya huku kwetu inavimba yote kwa pamoja kama imekubaliana, na simu zinaanza saa 12 asubuhi: "Fundi, niko ndani, mlango haufunguki." Mlango uko kwenye bawaba, bibi yuko ndani, mashine iko mjini. Hapo unakwenda na randa yako kwapani, huna ujanja mwingine.

Basi nikaamua kuinyoosha hiyo yangu. Kwenye simu walieleza vizuri tu: tafuta kioo kinene kilichonyooka, bandika msasa, chora mistari ya penseli kwenye tumbo la randa, kisha sugua mpaka mistari yote ifutike. Kioo kinene kilichonyooka ninacho kimoja maishani mwangu, nacho kiko juu ya meza ya sebuleni. Nikakitoa taratibu Mama Neema akiwa bandani. Nikaanza na msasa namba 80. Mpira ulikuwa redioni, Simba na Yanga, nikasugua kipindi cha kwanza chote, nikasugua mapumziko, nikasugua mpaka refa akapuliza. Nikageuza. Mistari ya mbele imefutika, ya nyuma imefutika, ya katikati iko pale pale, imekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kidole gumba kimechubuka. Na Mama Neema amesimama mlangoni na sinia la chai, anatafuta pa kuliweka.

Ziko randa nzuri mpya duniani, sikatai. Kuna Lie-Nielsen wa kule Maine, Marekani, kuna Veritas wa Kanada, zinatoka kwenye boksi ziko tayari kwa kazi. Namba 4 ya Lie-Nielsen ni zaidi ya dola 300. Nikaanza kuzigeuza kuwa shilingi, nilipofika kwenye laki saba nikafunga kikokotoo. Hiyo ni hela ya kupeleka ukweni Machame, mbuzi wa ndafu na soda juu, watu wakakuita baba. Siwezi kuisukuma kwenye mlango wa mtu.

Mpwa wangu yuko Marekani, nikamtuma. Nilimwandikia "randa ya mkono". Akaniletea randa ya umeme, eti mjomba nimekuongezea. Asante mwanangu. Umeme wao ni volti 120, wetu 230. Niliichomeka, ikalia mara moja kama ndama, ikatoa moshi, ikanyamaza. Sasa inashikilia dirisha lisijifunge.

Dawa anayo mzee mmoja wa Rau. Ana randa ya Record namba 5, ya Sheffield, Uingereza. Record walianza kutengeneza randa mwaka 1931, na ile yake ukiiangalia hujui nani mkubwa kati yake na mzee. Inalala chini ya kitanda, imefungwa kwenye kipande cha kanga kilicholowekwa mafuta. Haazimishi. Ukiitaka unakwenda kwake, unapiga randa kwenye benchi lake, yeye amekaa kigodani anakusimulia habari za bei ya kahawa na jinsi vijana wa siku hizi mnavyoshika vifaa kama mnashika mwiko. Niliwahi kumwambia, mzee, niuzie. Akacheka mpaka akakohoa. "Kifaa cha kazi hakiuzwi, kijana."

Na hapo kwenye kukohoa ndipo shetani aliponiingia. Siku hizi nikimwamkia shikamoo, najikuta nasikiliza ile marahaba imetoka na nguvu kiasi gani. Nampelekea ndizi. Nauliza kuhusu presha. Mkewe anasema hajaona kijana mwenye utu kama mimi. Mzee mwenyewe ananitazama kwa jicho moja, na nadhani anajua.

Nikaona nitoke huko kabla sijapata dhambi kubwa, nikaingia kutafuta. Kiboriloni kwenye mitumba nilizunguka asubuhi nzima. Nimeona viatu vya kutelezea kwenye barafu, wallahi, jozi mbili, na muuzaji akanishawishi eti ni vya kupandia mlima. Randa hakuna. Mtu akaniambia, nenda Arusha, Unga Limited, kwa wauza skrepa, huko chuma cha zamani hakikosi. Coaster, kilomita 80 goti likiwa kidevuni, Boma Ng'ombe, Usa River, Tengeru, kila kituo tunaambiwa tusogee kidogo. Pale mjini nikadandia kifodi, nikashuka nimejikunja kama maranda yenyewe.

Nikaiona kwa mbali. Kwenye lundo, kati ya rejeta na pedeli za baiskeli, mkono wa mbao umechomoza kama wa mtu anayezama. Nikaivuta. Record, namba 4! Kutu imeivaa kama shuka, lakini nilipoigusa tumbo kwa rula, mwanga haukupita. Kisu tu ndicho hakikuwemo, wala kibati chake.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo nilipoharibu. Skrepa inauzwa kwa kilo. Ile randa haifiki hata kilo mbili, ingekuwa bei ya chai na chapati. Nilichotakiwa kufanya ni kuitupa mzanini pamoja na takataka nyingine mbili tatu, niangalie pembeni, nilalamike juu ya jua. Badala yake nilitabasamu. Sikupanga, mdomo wenyewe ulifunguka. Kijana akaniangalia usoni, akaangalia randa, akaniangalia tena, na nikaona bei ikipanda machoni mwake kama mita ya bodaboda.

"Hiyo baba haiendi kwa kilo," akasema. "Hiyo ni mali. 30,000."

Tukavutana mpaka 18,000. Nilipokuwa nahesabu noti nikamtazama mwenzake aliyekaa pembeni, anakwangua kutu kwenye tenki la pikipiki. Anakwangua na kipande cha chuma kipana, kama inchi mbili, chenye mwanya mrefu katikati. Kisu cha randa. Na kibati chake kiko chini, amekikalishia kopo la rangi. Kila anapopitisha, kutu inatoka kwa mikunjo, tena mikunjo mizuri kuliko chochote nilichotoa mimi mwezi mzima.

"Hicho shilingi ngapi?"

Hakuinua hata kichwa. "Hiki hakiuzwi, mzee. Ndiyo kifaa changu cha kazi."

Nikamwona yule mzee wa Rau kabisa, kigodani, anacheka. Lakini nilikuwa nimekuja na ile randa yangu ya 45,000 kwenye begi, nia yangu ikiwa niitupe mzanini nipate angalau nauli. Nikaitoa, nikafungua, nikampa kisu chake: kipya, kinang'aa, jana tu nimekinoa. Nikamwambia tubadilishane, kipya kwa kikuukuu, mimi ndiye ninayeumia. Akakishika, akakigeuza, akakiweka kwenye tenki, akakwangua mara nne. Akakiangalia ncha. Akanirudishia kwa adabu, mikono miwili.

"Mzee, hiki laini. Ongeza 10,000."

Nikaongeza. Na kibati kile cha kopo la rangi wakanipa bure, kwa huruma nafikiri.

Siku tatu nimetoa kutu kwa mafuta ya taa, nikakinyoosha kisu mgongoni, nikakinoa nyuzi 30, nikakibana kibati mpaka pasipite hata pumzi. Alhamisi jioni nikaweka ubao wa mringaringa kwenye benchi. Nikasukuma. Randa ikatoa ule mlio, fundi mwenzangu unaujua, kama mtu anararua kitambaa kipya, na utepe ukatoka mdomoni mwake mzima, tangu mwanzo wa ubao mpaka mwisho, mwembamba unaona kidole upande wa pili. Ukajikunja, ukaanguka mguuni kwangu. Nilisimama pale kama mtu aliyepata mapacha. Nikaita, "Mama Neema! Njoo uone! Njoo na kiroba!"

Akaja. Akauokota ule utepe kwa vidole viwili, akauinua kwenye taa, akaupuliza ukapepea.

"Baba Neema," akasema, "haya mbona mepesi hivi? Vifaranga wakichafua mara moja si yameisha? Huwezi kutoa manene kama ya fundi wa jirani?"